Kifyatulio cha Arvella

Hoyt Stroud alikuwa ameoa mwanamke asiyejua kupaka maneno mafuta, na kwa miaka mingi aliliona jambo hilo kuwa kero ya kawaida ya ndoa. Kambare akikaangwa akakauka, Arvella atakwambia amekauka, hata kama umemkaanga wewe mwenyewe kwa ajili ya sikukuu yake ya kuzaliwa. Mchungaji akimuuliza mlangoni kama mahubiri yamembariki, atajibu kwamba ile nusu ya kwanza ilimbariki sana. Hoyt husimama nyuma yake kashika kofia, anatafuta pa kuweka macho. Siku moja njiani alimuuliza kama ulimi wake huwa haupumziki. Akajibiwa kwamba unapumzika sana tu, ndiyo maana hakusema lolote kuhusu kwaya.

Arvella alikuwa na duka la kufulia pale Cutter Springs, kijimji cha milima ya Ozark huko Marekani, mkabala na kituo cha mafuta. Mashine zilijipanga pande mbili, na ukutani palikuwa na bango aliloliandika kwa mkono wake: HAKUNA KURUDISHIWA HELA. Duka alilinunua kwa akiba ya kiwanda cha kuku, mahali aliposimama nusu ya umri wake akikata mapaja kwenye baridi ya kugandisha maji, na kiwanda hicho kikamwachia mikono ambayo asubuhi haikunjiki. Baridi yabisi. Vifungo vya blauzi alifungwa na Hoyt. Makopo alifunguliwa na Hoyt. Alikubali kufanyiwa hayo kwa uso wa mtu anayeng'olewa jino, na ole wako umtanie.

Sasa wanaume wa milima ile ya Ozark nao wana ugonjwa wao: hawawezi kuacha kitu kikae kama kilivyotoka kiwandani. Pikapu lazima iinuliwe, msumeno wa mashine lazima uchokonolewe, hata benchi la kanisani utakuta mtu kaliongezea skrubu. Kwa bastola ndiyo usiseme. Na katika wote hao, Hoyt, mchimba visima aliyestaafu, ndiye aliyesifika kwa mkono mwepesi. Alitandika taulo juu ya meza ya jikoni, akalainisha vifyatulio vya silaha za rafiki zake moja baada ya nyingine, na ujira wake ulikuwa paja la paa au sifa. Sifa alizipenda zaidi.

Basi watu wa unga, waraibu wa dawa za kulevya, walipozidi, wakawa wanavunja masanduku ya sarafu kila mji, Hoyt akamnunulia mkewe bastola ndogo. Wakaenda korongoni nyuma ya nyumba kulenga mikebe. Arvella akanyoosha mkono, akavuta, akavuta tena mpaka uso ukamwiva, bastola kimya. Kidole chake hakikuwa na nguvu ya kukishinda kifyatulio. Akaiweka juu ya kisiki akaanza kulia kwa hasira, na Hoyt, ambaye hakuwahi kuweza kuvumilia kumwona akilia, akaichukua akaenda nayo jikoni. Alibadili springi, akasugua, akajaribu, akasugua tena. Ilipotoka pale ilikuwa inafyatuka kwa kuguswa tu. Arvella alipopiga mkebe wa kwanza alicheka mpaka akashika mbavu, na kwa furaha ile Hoyt akaongeza la kwake: akachonga ubavuni mwa bastola maneno ya lile bango la dukani. Kila aliyeonyeshwa alicheka, mchungaji akiwamo.

Tate Mabry aliingia dukani Jumamosi mchana kweupe, ameshika mtaimbo. Arvella alikuwa chumba cha nyuma anakunja mashuka ya nyumba ya wazee, akasikia chuma kinagonga chuma, akatoka. Kijana alikuwa ameshaing'oa nusu ile mashine ya kuchenjia pesa. Alimjua. Alimjua tangu akiwa mtoto, anakuja na mama yake Ludene kufua, anakaa juu ya kikaushio kwa sababu kina joto. Lakini yule aliyegeuka hakuwa na macho ya kumjua mtu. Aliuinua mtaimbo juu ya bega akamwendea. Arvella akatoa bastola kwenye mfuko wa aproni, akamwambia aweke chini. Kijana akapiga hatua nyingine. Bastola ikalia, na Tate akaanguka kati ya mashine mbili. Aliaga dunia kabla gari la wagonjwa halijavuka mto.

Hoyt alipofika, mkewe alikuwa amekaa ukingoni mwa barabara, naibu wa sherifu amesimama hatua chache pembeni. Kama alivyofundishwa na mumewe, alikuwa amekwisha kumwambia naibu kwamba ataeleza yote akiwa na wakili, basi. Hoyt akachuchumaa akamkumbatia. Arvella akamnong'oneza sikioni, "Sikuvuta, Hoyt. Nilikuwa bado."

"Bado nini?"

"Bado sijaamua."

Hoyt alimwambia anyamaze. Alidhani ni mshtuko. Wakati huo alikuwa bado anaamini kwamba maneno yale yatamsaidia.

Wakili wao, Lamar Teague, alikuwa na ofisi juu ya lililokuwa duka la viatu. Walipokaa tu, Arvella akafungua mdomo, na wakili akainua kiganja.

"Usiniambie kitu bado, mama. Ngoja kwanza nikueleze sheria, ndiyo uniambie kilichotokea. Ukishasema siwezi kujifanya sikusikia."

Akaieleza taratibu, kwa lugha ya kueleweka. Mtu akikujia na chuma, ukaona kabisa unauawa, ukaamua kumpiga risasi, hapo umejilinda, na sheria inakurudisha nyumbani kwako. Neno lenyewe, alisema, ni kuamua. Ukisema hukuamua, silaha ililia yenyewe, basi hukujilinda. Ilikuwa ajali. Na ajali ya bastola iliyochokonolewa jikoni, wakati karatasi ya kiwanda imekataza kwa herufi nyekundu, mwendesha mashtaka ataiita uzembe uliotoa roho ya mtu. Tena ataitafuta ajali hiyo hata kama haipo, kwa sababu kifyatulio kile kinamfungulia mlango. Kama kifyatulio kingekuwa na uzito wake wa kiwandani, pengine asingefungua hata kesi.

Hoyt aliificha mikono yake, ile ya sifa, katikati ya magoti.

"Yaani aliyetaka kuua anaachiwa," alisema, "asiyetaka anafungwa?"

"Aliyetaka kujiokoa, mzee," Teague akasema. Halafu akashusha pumzi. "Lakini ndiyo. Kwa kifupi ndiyo hivyo."

Hoyt alikuwa ameishi miaka sitini na kitu akidhani sheria ni kitu kama uzio, unaona kilipoanzia na kilipoishia. Siku ile alikiona kirefu kuliko alivyowahi kukiwaza, na alikiogopa. Wakili akamgeukia Arvella akamwambia sasa aseme. Arvella akatazama mikono yake mwenyewe, akajibu kwamba ataomba muda wa kufikiri.

Ndani ya pikapu Hoyt hakungoja hata kufika daraja. Akamwambia basi ulikusudia, umesikia, mama? Chuma kilikuwa kinakujia, ukaamua, ukafyatua. Nani atajua? Kuamua kulikuwa kichwani mwako tu. Aliyasema tena wakati wa chakula, akayasema wakati anamfunga vifungo asubuhi, akayasema hata kanisani kwenye ibada ya kuoshana miguu, chini kwa chini, wanaume upande wao na wanawake upande wao, alipomfuata kwenye korido na beseni mkononi. Mwanzo Arvella alikuwa anatazama pembeni. Baadaye akawa anaitikia. Wiki iliyofuata walirudi kwa Teague, akakaa wima, akasema: "Nilikusudia." Wakili akaandika. Hoyt akashusha pumzi aliyokuwa ameibeba tangu siku ya tukio, na hapohapo akaona huzuni ya ajabu inampanda, kwa sababu mwanamke yule hakuwahi kudanganya hata juu ya samaki.

Kesi ikaja majira ya kuchanua maua, chumba cha mahakama kikajaa mpaka mlangoni. Upande wa pili, benchi la mbele, alikaa Ludene Mabry, amevaa ile sare ya zambarau ya nyumba ya wazee kwa sababu alikuwa anatoka zamu. Hakuwa na mtu kando yake. Watu walimpa pole wakipita, wakaenda kukaa nyuma ya Arvella.

Mwendesha mashtaka hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha Hoyt. Alimleta mtaalamu akaning'iniza vizito kwenye kifyatulio mbele ya jopo la raia kumi na wawili waliopewa kuamua kesi. Bastola ya aina ile ikitoka kiwandani ilibeba vizito vingi kabla ya kufyatuka. Hii ya Arvella iliachia kwa kizito kidogo kuliko pakiti ya sukari. Kisha akaigeuza, akasoma maneno ya ubavuni polepole, neno moja moja: hakuna, kurudishiwa, hela. Hoyt alimwona Ludene akifumba macho. Mzaha ule aliuchonga mwenyewe, akiwa na glasi ya chai ya barafu pembeni, akijichekea peke yake kama mwehu, na sasa alitamani ardhi ya jengo lile ipasuke immeze.

Walimwita Hoyt kizimbani. Mwendesha mashtaka akamuuliza kama alisoma onyo la kiwanda. Alilisoma. Kama alifikiria kitakachotokea.

"Nilifikiria mikono yake," Hoyt alisema.

"Ulitaka iwe rahisi kuua."

"Nilitaka iwe rahisi kwake."

Alishuka akiwa hajui kama amemsaidia mkewe au amemzika. Lakini Teague alimpigia jicho kumtuliza: lililobaki lilikuwa jibu moja tu la Arvella, na jibu lenyewe lilikuwa limeshaiva.

Arvella akapanda. Akasimulia mashuka, kishindo, mtaimbo begani, hatua ile ya mwisho. Alisimulia vizuri, bila kupamba. Wale kumi na wawili walikuwa naye, mtu yeyote angeona, mzee mmoja mwenye suruali ya kamba za mabegani alikuwa akitikisa kichwa kumkubalia. Teague akalisogelea jopo kidogo, akaachia swali kama walivyopanga.

"Bi. Stroud, ulipovuta kifyatulio, ulikusudia nini?"

Arvella aliinua uso. Alikuwa anatazama ng'ambo ya Teague, kwenye mabenchi.

"Sikukivuta," akasema. "Kidole kilikuwa pale. Nilikuwa naogopa, hilo ni kweli, na chuma chake kilikuwa juu. Lakini nilikuwa bado sijaamua kumpiga. Ililia kabla sijaamua."

Teague akarudia swali kwa njia nyingine. Akapata jibu lilelile. Akakaa. Mwendesha mashtaka alisimama, akasema hana swali, maana hakuwa na la kuongeza.

Mapumziko ya mchana Hoyt alimvuta mpaka kwenye pikapu, akafunga milango, na hapo akamfokea kama hajawahi kumfokea tangu wachumbiane. Akamwambia ni ulimi wake ule, ulimi usiojua kunyamaza, kiburi chake cha kuwa msema kweli wa wilaya nzima. Akamwambia amejifunga mwenyewe na mume wake amemwacha wapi? Sandwichi zilikuwa kati yao kwenye kiti, hakuna aliyezigusa. Arvella alimwacha amalize.

"Siyo ulimi," akasema. "Nilikuwa nimeshaamua kudanganya. Nilimdanganya hata Teague. Ningekudanganyia wewe mpaka kaburini, usinione hivi."

"Sasa nini?"

"Nilimwona Ludene. Alikuwa amejiinamisha mbele, Hoyt, anangoja nijibu. Watu wote walikuwa wanawatazama wale kumi na wawili, yeye ananitazama mimi mdomoni. Nikaona, nikisema nilikusudia, huyu mama atalala na kuamka maisha yake yote akijua kuna mtu alimtazama mwanawe usoni, akampima, akaamua afe. Na siyo kweli. Hakuna aliyeamua hivyo. Nimwachie uongo kama huo, eti nirudi kukunja mashuka?"

Hasira ilimtoka Hoyt yote kwa mkupuo, akabaki amekaa nyuma ya usukani akimtazama mwanamke ambaye yeye ndiye humfunga vifungo kila asubuhi, na alipatwa na kitu alichowahi kukipata mara moja tu, siku alipochimba kisima shambani mwa mtu akakuta pango, akateremsha taa kwa kamba, ikateremka, ikateremka, isione chini. Alikuwa ameishi naye maisha yote kumbe hajafika popote. Aliogopa kumgusa. Mwishowe Arvella mwenyewe ndiye aliyemgusa, akamwomba amfungulie chupa ya maji.

Jopo lilikaa kutwa na siku iliyofuata. Walikuwa wamepewa hata bastola yenyewe, tupu, ili waijaribu. Yule mzee wa suruali ya kamba alimsimulia Hoyt baadaye, wakikutana kwenye duka la vyakula vya mifugo, kwamba waliipitisha mkono kwa mkono kuzunguka meza. Kila mmoja alisema yeye atakuwa mwangalifu. Na kila mmoja alishtushwa na mlio wa chuma kabla hajajua kwamba amevuta. Mwanamke mmoja aliiweka mezani akajifuta kidole kwenye sketi. Baada ya hapo, mzee alisema, hakuna aliyebisha tena kuhusu kama Arvella anasema kweli. Walimwamini wote. Ndiyo maana hawakuwa na njia ila kumtia hatiani.

Kuua bila kukusudia. Siku ya hukumu jaji aliuliza kama familia ya marehemu ina neno, kama ilivyo desturi, na Ludene akasimama, peke yake kama siku zote. Alishika mgongo wa benchi la mbele yake.

"Tangu siku ile watu wananipa pole," alisema, "halafu macho yao yananiambia alistahili. Najua alichokuwa amekuwa. Nilimtoa jela mwenyewe mara nyingi. Lakini nimekaa humu siku zote hizi, na mtu mmoja tu amesimama akasema mwanangu hakuamuliwa kufa. Ni huyo mnayetaka kumfunga. Sitaki aachiwe na sitaki afungwe. Sijui mnafanyaje na neno kama hilo. Nilitaka tu mlisikie."

Jaji alivua miwani, akaivaa, akasema amelisikia. Akampa Arvella miaka mitatu. Alisema kwamba sheria haikumwachia nafasi ya kutoa chini ya hapo, na kwa mara ya kwanza Hoyt alimwamini mtu wa serikali. Arvella alisimama. Pingu hazikumfaa, vifundo vya mikono vilikuwa vimevimba siku hiyo, na askari wa mahakama, mwanamama aliyekuwa akifua kwake, akaziweka mfukoni akampitisha mlango wa pembeni amemshika kiwiko tu. Arvella aligeuka mara moja. Akamwambia Hoyt asisahau kusafisha vichujio vya vikaushio, vitashika moto.

Hoyt alitoka akakaa kwenye ngazi za mahakama juani. Watu walipita wakimgusa bega. Rafiki mmoja akaanza kusema kwamba yote haya ni ujinga, angesema tu alikusudia, na Hoyt akamtazama mpaka akaondoka. Kisha Ludene Mabry akashuka, begi begani, sare yake ya zambarau imekunjamana mgongoni. Hoyt akainuka, kofia mkononi. Hakuwa amepanga kusema chochote.

"Kile kifyatulio nilikilainisha mimi," alisema.

"Najua. Nilikusikia ukiwaambia."

"Ilipaswa kuwa mimi kule ndani."

Ludene hakumkubalia wala hakumkatalia. Alisimama ngazi moja chini yake, akaitazama barabara.

"Huko wanakompeleka," akauliza, "wageni wanaruhusiwa siku gani?"

Hoyt alisema anadhani ni Jumapili.

"Gari langu halifiki mbali hivyo," Ludene akasema. "Nipitie."